Daraja la I-5 juu ya mto Columbia: kwa nini halikarabatiwi, na makutano saba yanaingiaje humo

Swali la msomaji: "Mimi ni dereva wa lori, naishi Vancouver, jimbo la Washington, na karibu kila siku navuka daraja la barabara kuu ya I-5 kwenda Portland, jimbo la Oregon. Miaka nenda miaka rudi tunaambiwa daraja limezeeka, litajengwa jipya. Kwa nini wasilikarabati tu kwa fedha kidogo? Na kama shida ni daraja, kwa nini mpango unagusa makutano saba ya barabara? Mwisho, watajengaje bila kutufungia njia?"

Jibu:

Ndugu yangu, daraja hilo lina matatizo mawili yasiyofanana. Moja liko chini ya maji, hulioni. Jingine liko juu ya lami, nawe unakaa ndani yake kila asubuhi. La chini ndilo linalozuia ukarabati, na la juu ndilo lililoyaingiza makutano katika mpango. Ukiyachanganya, kila kitu kinaonekana ni kupoteza hela.

Nianze na la chini. Tunaloliita daraja moja ni madaraja mawili yaliyosimama bega kwa bega. Hili la kwenda kaskazini lilifunguliwa Februari 1917, zama za tramu na motokaa chache. La kwenda kusini lilifunguliwa 1958. Yote mawili ni ya chuma, yana urefu wa zaidi ya kilomita moja, na nguzo zake za zege zimekalia magogo marefu ya jamii ya msonobari yaliyogongwa kwenye mchanga wa mto. Watu wakisikia magogo wanadhani yameoza. Sivyo. Gogo linalokaa ndani ya maji muda wote haliozi kwa urahisi, kwa sababu kuvu wanaolila wanahitaji hewa. Ndiyo maana magogo ya 1917 yanabeba mzigo mpaka leo.

Shida ni ule mchanga. Pwani hiyo ya Marekani iko mbele ya ufa wa Cascadia, ambako bamba moja la ardhi linazama chini ya jingine. Tetemeko kubwa la mwisho la ufa huo lilitokea tarehe 26 Januari 1700, na ukubwa wake ulikuwa karibu 9. Tetemeko la namna hiyo halitikisi kwa sekunde chache, hutikisa kwa dakika kadhaa. Kama umewahi kusimama ufukweni, pale maji yanaporudi nyuma, ukachezesha miguu, unajua kinachofuata: mchanga uliokuwa mgumu unalainika na nyayo zinazama. Punje zimeachiana, na maji yaliyo katikati yao ndiyo yamebeba uzito wako. Mchanga wa mto Columbia ukitikiswa hivyo unageuka uji mpaka kina kirefu, na gogo lililokuwa limeshikiliwa na mchanga huo halina tena cha kulishika. Hapo hapo kingo za mto zinaanza kuteleza kuelekea majini na kuzisukuma nguzo kwa ubavu. Daraja la mwaka 1917 halikupigiwa hesabu ya jambo hilo, na la 1958 pia halikupigiwa, kwa kuwa elimu hiyo haikuwapo.

Je, haiwezi kuimarishwa? Kwenye karatasi inawezekana. Utachimba nguzo mpya ndefu kuzunguka kila nguzo ya zamani hadi kuifikia changarawe ngumu iliyo chini ya mchanga, uzifunge zote kwa kofia kubwa ya zege, kisha ukwee juu ukaimarishe chuma chenyewe, ribiti kwa ribiti. Lakini mashine ya kuchimba nguzo za namna hiyo ina mlingoti mrefu, haiingii chini ya daraja lililoko mita chache juu ya maji. Itabidi uchimbe kwa vipande vifupi vya bomba ukiviunga kwa kuchomelea, kazi ya polepole na ghali, huku magari yanapita juu ya vichwa vya mafundi. Bado kuna ile minara ya kipande kinachonyanyuka, yenye vizito vikubwa vinavyoning'inia juu, na uzito ulio juu ndio adui wa kwanza katika tetemeko. Ukimaliza yote hayo na kulipa, unabaki na leni tatu kila upande, hakuna bega la barabara, na daraja linaendelea kusimamisha magari ili meli ipite. Kwangu mimi hesabu inaishia hapo.

Hicho kipande kinachonyanyuka kinastahili maelezo, maana ndicho kinachokuchelewesha. Kila daraja lina kipande kinachopanda wima kati ya minara miwili. Kamba nene za waya zimefungwa kwenye kipande hicho, zinapita juu ya magurudumu makubwa kileleni mwa mnara, na upande wa pili kuna vizito ambavyo kwa jumla vinakaribia uzito wa kipande chenyewe. Mota hainyanyui daraja, inavuruga mizani tu. Mzigo wote uko kwenye ekseli ya gurudumu. Kila daraja linapopanda na kushuka, ekseli inazunguka chini ya mzigo huo, na sehemu iliyokuwa imevutwa inabanwa, iliyokuwa imebanwa inavutwa. Chuma kinachoka. Ufa huanzia pale kipenyo cha ekseli kinapobadilika, kwenye kona, na hukua nywele kwa nywele. Ndicho kilichotokea: tarehe 12 Septemba 2020 daraja la kwenda kaskazini lilifungwa kwa takriban wiki moja ili kubadilisha ekseli iliyopasuka. Magari ya pande zote mbili yakabanwa kwenye leni tatu za daraja la pili, na ukuta wa zege unaohamishwa kwa mashine ukawa unasogezwa asubuhi na jioni ili upande wenye magari mengi upate leni mbili. Kama ulikuwa barabarani wiki hiyo, hukuhitaji mhandisi wa kukueleza.

Sasa tuone dakika 10 za kunyanyua daraja zinakula nini. Chukua leni tatu, kila moja inapitisha magari 1,600 kwa saa, jumla 4,800. Funga kwa dakika 10. Magari 800 yanasimama, yaani kama 267 kila leni. Ukiligawia kila gari mita 7.5 pamoja na nafasi yake, foleni ina urefu wa kilomita 2. Ukifungua, tuseme leni tatu zinaweza kutoa magari 5,700 kwa saa, lakini mengine 4,800 bado yanakuja kwa nyuma, kwa hiyo unapunguza foleni kwa 900 tu kwa saa. Inachukua dakika 53 kuimaliza. Ndiyo maana kunyanyua hakuruhusiwi siku za kazi kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 8:30 mchana na saa 12 jioni. Ndiyo maana pia unaweza kukuta foleni saa 5 asubuhi bila kuona ajali wala meli. Meli ilishapita zamani.

Watu huuliza kwa nini matishari yasipite chini ya ile sehemu ya daraja iliyoinuka katikati ya mto, ambako kuna kimo cha mita 20 na ushei. Sehemu hiyo ilitengenezwa 1958 kwa kusudi hilo hasa. Tatizo ni daraja la reli la mwaka 1908 lililoko kama kilomita moja na nusu kuelekea baharini. Mlango wake unaofunguka uko karibu na ukingo wa kaskazini, umeelekeana na kipande kinachonyanyuka. Nahodha anayeshuka na mkondo akipita katikati ya mto, inambidi akate kona mbili kama herufi S na msururu wa matishari mbele yake kabla ya kufika mlango wa reli. Maji yakijaa na kwenda kasi, hathubutu. Anaomba daraja linyanyuliwe apite moja kwa moja.

Daraja jipya lililo katika mpango uliokubaliwa 2022 na serikali za pande zote mbili lingekuwa na nafasi ya futi 116 juu ya maji, yaani mita 35, bila kunyanyuka. La sasa likinyanyuliwa linaacha futi 178, mita 54. Ndipo ulipozuka mvutano na walinzi wa pwani, wanaotoa kibali cha madaraja juu ya mito ya meli, na ndiyo maana tathmini ya mazingira ya 2024 ilibeba pia chaguo la daraja linalonyanyuka. Kwa nini wasipandishe tu? Ukipandisha daraja, njia ya kushukia inarefuka. Kwa mwinuko wa asilimia 3, kila mita moja ya kimo inadai mita 33 za urefu, kila upande. Mita 19 za ziada zinadai zaidi ya mita 600 upande wa Washington na zaidi ya mita 600 upande wa Oregon, na hizo zingepita juu kabisa ya kisiwa cha Hayden na katikati ya Vancouver bila kugusa barabara za mitaa. Unaona makutano yanavyojiingiza yenyewe.

Kuna na anga. Uwanja mdogo wa ndege wa Pearson uko hapo hapo ukingoni upande wa Vancouver, na uwanja mkubwa wa Portland uko jirani. Minara mirefu ya nyaya, ile inayopendeza kwenye picha, inaingia kwenye njia za ndege. Kwa hiyo daraja hili limebanwa juu na ndege, chini na meli, na kando na mji. Nafasi iliyobaki ni nyembamba sana, na mtu anayelalamika kwamba michoro haina uzuri aikumbuke nafasi hiyo.

Haya, makutano. Kuanzia kusini kwenda kaskazini yako hivi: Victory Boulevard, Marine Drive, Hayden Island, SR 14 (SR ni barabara ya jimbo), Mill Plain, Fourth Plain na SR 500. Saba, ndani ya maili 5, yaani kilomita 8. Mwongozo wa usanifu wa barabara za Marekani unataka angalau maili moja kati ya makutano na makutano mjini. Hapa, hasa kwenye vichwa viwili vya daraja, nafasi ni pungufu ya hapo. Matokeo yake unayajua kwa mikono yako. Anayetoka SR 14 anaingia barabara kuu na papo hapo yuko darajani. Anayetaka kushuka Hayden Island anakata kulia wakati huyo anakata kushoto. Kila mmoja anakanyaga breki kidogo, wa nyuma anakanyaga zaidi, na wimbi la breki linarudi nyuma kilomita kadhaa.

Pima kwa lori lako. Lori lililobeba, la tani 36, ukilikanyaga mafuta barabara tambarare linaongeza kasi kwa kama mita 0.25 kwa sekunde kila sekunde. Kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 90 linahitaji zaidi ya mita 850. Sasa liweke kwenye mlima wa asilimia 3. Mvutano wa ardhi peke yake unarudisha nyuma mita 0.29 kwa sekunde kila sekunde. Maana yake haliongezi kasi kabisa, linapungua. Rampu, yaani njia ya kuingilia barabara kuu, inayomwaga malori kwenye mwanzo wa mwinuko wa daraja, bila urefu wa kuchanganyia mwendo, inatengeneza foleni hata kama daraja lenyewe lina leni kumi. Siku za kazi za 2019 daraja lilipitisha magari zaidi ya 143,000 kwa siku. Jenga daraja jipya, pana, imara, kisha uliunganishe na rampu zile zile za zamani, na foleni yako itasogea mita 500 tu kutoka ilipo.

Kwa hiyo mpango hauongezi leni nyingi za kupita. Zinabaki tatu kila upande, na inaongezwa moja ya ziada inayoanzia kwenye rampu ya kuingilia na kuendelea hadi rampu ya kutokea inayofuata. Leni hiyo ni uwanja wa kubadilishana. Anayeingia anapata muda wa kukimbiza gari, anayetoka anapata muda wa kupunguza, na wanaopita moja kwa moja hawaguswi. Pamoja nayo kuna mabega kamili ya barabara. Usiyadharau mabega. Leo gari likipasuka gurudumu katikati ya daraja, theluthi ya barabara imekufa mpaka breakdown ifike, na breakdown yenyewe imekwama kwenye foleni hiyo hiyo.

Kati ya makutano yote, mawili ndiyo yanayostahili umakini wako. Marine Drive ni ya malori ya bandari, na kona zake za sasa zinakulazimisha kupunguza mwendo mpaka chini kabisa kabla ya kuingia I-5. Hayden Island ndiyo yenye utata zaidi: kisiwa hicho kina mlango mmoja tu, I-5 yenyewe. Mkazi akitaka kwenda kununua mkate ng'ambo, anaingia barabara kuu ya kitaifa kwa mita mia chache kisha anatoka. Safari fupi za namna hiyo ndizo sumu ya barabara ya kasi. Mpango uliochaguliwa unapunguza rampu za kisiwa na kujenga daraja dogo la mtaa juu ya mkono wa mto, ili wa kisiwani avuke bila kugusa I-5. Mimi naona hilo ni miongoni mwa mambo bora kabisa katika mpango wote, ingawa halitajwi sana magazetini. Mill Plain na Fourth Plain zinahusu zaidi mpangilio wa taa na urefu wa rampu, sitakuchosha nazo.

Sasa swali la mwisho, watajengaje. Jipya limepangwa kujengwa upande wa magharibi wa la zamani, kuelekea baharini, na la zamani litaendelea kubeba magari. Ni utaratibu ule ule uliotumika Wami, mkoa wa Pwani nchini Tanzania, ambako daraja jipya lilijengwa kando ya lile jembamba la 1959 huku mabasi yakipita. Tofauti ni kwamba Wami hakuna rampu za kuunganisha, hapa zipo kila mahali, na rampu ndizo zinazokula muda.

Ndani ya mto kazi huanza na majukwaa ya muda. Mabomba ya chuma yanazamishwa kwanza kwa mashine ya kutetemesha, na nyundo inatumika mwishoni tu kuhakikisha yanabeba. Sababu ni samaki. Mlio wa nyundo majini unapasua kibofu cha hewa cha samoni, na samoni wa mto huu wanalindwa kisheria. Kwa hiyo ugongaji unaruhusiwa misimu fulani ya mwaka, na bomba linazungushiwa pete zenye matundu zinazotoa mapovu ya hewa ili kuvunja mawimbi ya sauti. Mkandarasi akikosa msimu kwa wiki tatu, hajachelewa wiki tatu. Amechelewa mpaka msimu mwingine. Ukisikia kazi imesogezwa mwaka mzima kwa kibali kilichochelewa mwezi mmoja, sababu mara nyingi ni hiyo.

Nguzo za kudumu huchimbwa. Chukua mfano wa shimo la kipenyo cha mita 3 na kina cha mita 60. Bomba la chuma linashuka kuzuia mchanga usibomoke, udongo unatolewa, kitako kinasafishwa, kisha linashushwa tenga la nondo lenye mabomba madogo kama 10 yaliyofungwa wima pembeni. Shimo hilo linadai zege mita za ujazo 424, yaani safari 55 hivi za gari la zege. Kwa mwendo wa mita za ujazo 40 kwa saa, ni saa kumi na nusu mfululizo bila kusimama. Zege linamwagwa kwa bomba refu linalofika chini kabisa, na mdomo wa bomba lazima ukae mita 2 hadi 3 ndani ya zege bichi wakati wote unapopandishwa. Fundi akilivuta haraka, mdomo ukachomoka, maji yanaingia na unapata tabaka la matope katikati ya nguzo. Akichelewa, zege linaanza kushika na kulinyanyua tenga lote la nondo. Na kama kitako hakikusafishwa vizuri, nguzo inakalia tope, itatitia ikianza kubebeshwa. Yale mabomba madogo 10 ni ya kupimia: kipaza mlio kinashushwa katika bomba moja, kipokezi katika jingine, na sauti inayochelewa kufika inaonyesha penye ubovu. Hapo wanatoboa, wanaosha, na kujaza kwa rojo la saruji kwa shinikizo. Yakigundulika mapema inarekebishika. Yakigundulika baada ya kofia kumwagwa, ni msiba.

Kofia nayo ina hatari yake. Zege la unene wa mita 4 linajipikia lenyewe. Saruji ikishika inatoa joto, na katikati joto halina pa kutokea. Kanuni ya kazi ni kutovuka nyuzi 70 katikati, na tofauti kati ya moyo na ngozi isizidi nyuzi 20 hivi. Ikizidi, ngozi inapoa na kusinyaa huku moyo bado umevimba, nyufa zinafunguka, na maji yanapata njia ya kufika kwenye nondo. Ndiyo maana utaona mabomba membamba ya maji baridi yamepangwa ndani kabla ya kumwaga, na sehemu kubwa ya saruji imebadilishwa na majivu ya makaa ya mawe.

Juu ya maji, aina mojawapo ya daraja inayoendana na mahali hapa hujengwa kwa kurefushwa kutoka kila nguzo pande zote mbili kwa pamoja, kipande huku na kipande kule, kama mtu aliyebeba ndoo mbili kwa mti begani. Kila kipande kinafungwa kwa nyaya za chuma zinazovutwa kwa jeki na kupita ndani ya mifereji ya plastiki. Kisha mifereji inajazwa rojo la saruji. Kama kuna hatua moja ambayo ningemwomba msimamizi asiondoke hata kwenda kunywa chai, ni hiyo ya kujaza. Rojo lenye maji mengi linajitenga, maji yanapanda sehemu ya juu ya mfereji, yanakauka na kuacha uwazi. Waya ulio ndani ya uwazi unashika kutu gizani, hauonekani na mtu, mpaka siku unakatika. Tiba ni rojo lililotengenezwa kiwandani lisilojitenga, matundu ya kupumulia kwenye kila kilele, na kutofunga tundu mpaka rojo linalotoka liwe zito sawa na linaloingia.

Kwenye makutano, jambo linalochelewesha halina utukufu wowote: udongo. Tuta la rampu likijengwa juu ya udongo laini wa bonde la mto linatitia kwa miezi mingi. Daraja haliteremki, tuta linateremka, na katikati yao panazaliwa kile kigongo kinachorusha trela yako. Ili kukizuia, tepu za plastiki za kupitishia maji zinadungwa ardhini kila mita moja na nusu hivi, tuta linajazwa juu kuliko kimo chake kwa udongo wa ziada, kisha wanasubiri. Ukipita ukaona rundo kubwa la udongo limekaa miezi sita bila mtu kuligusa, usiseme kazi imelala. Maji yanatoka. Mwishoni udongo wa ziada unaondolewa, na kati ya tuta na daraja linalazwa bamba la zege la mita 6 hadi 9 ili mteremko wowote utakaobaki uwe wa taratibu.

Magari yakishahamia daraja jipya, ndipo la zamani linavunjwa. Haliripuliwi. Vizito vya minara vinafungwa kwanza, kwa sababu ukikata chuma upande mmoja wa mizani upande wa pili unaporomoka. Rangi ya zamani ya madaraja ya umri huo huwa na risasi, kwa hiyo mahali pa kukatia panafunikwa na vumbi linakusanywa. Fremu za chuma zinashushwa kwenye matishari, nguzo zinabomolewa na kuondolewa hadi usawa wa kitako cha mto.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Makadirio ya 2022 yalikuwa kati ya dola bilioni 5 na 7.5 kwa ukanda mzima, pamoja na reli ya mjini yenye vituo vitatu vipya. Serikali ya shirikisho iliahidi milioni 600 mwishoni mwa 2023 na karibu bilioni 1.5 mwaka 2024, na majimbo mawili bilioni moja moja. Mpango uliotangulia ulikufa mwaka 2013 hadi 2014 baada ya baraza la seneti la Washington kukataa kutoa fungu lake, na kila mwaka uliopita tangu hapo umepandisha bei ya chuma, zege na vibarua. Pengo linatarajiwa kuzibwa na tozo za kuvuka, na zimepangwa kuanza hata kabla ya daraja jipya kukamilika.

Kwa kazi yako wewe, basi, weka haya kichwani. Kufungwa kwa leni kutafanyika zaidi usiku, hivyo kama unaweza kuvuka kabla ya saa 3 usiku, vuka. Leni za muda kwenye eneo la ujenzi huwa nyembamba na ukuta wa zege uko karibu na kioo chako. Lori pana libaki leni ya kulia. Njia mbadala ni daraja la Glenn Jackson kwenye I-205, kama kilomita 10 kuelekea mashariki, lisilonyanyuka. Piga hesabu ya mafuta ya mzunguko huo sasa, kabla tozo hazijaanza, ili ujue ni kiwango gani cha tozo kitakachofanya mzunguko uwe na maana. Na ukiwa unamiliki lori mwenyewe, hakikisha usajili wa namba zako na anwani viko sawa, kwa sababu tozo inayosomwa kwa kamera ikienda kwenye anwani ya zamani inarudi ikiwa na faini juu yake.